Pedale Iliyokataa Kurudi Juu

Wewe unayenisikiliza, huenda hujawahi kukaa nyuma ya usukani hata siku moja. Si neno. Nitakueleza pole pole, kama ninavyowaeleza wote wanaokuja kwangu kujifunza. Katika gari la kawaida kuna pedale tatu chini ya miguu. Ya kulia ni ya kukimbia. Ya katikati ni ya kusimama. Ya kushoto ni ya ambreyaje. Ukiikanyaga hiyo ya kushoto, motere, yaani injini, na magurudumu yanaachana kwa muda, nawe unabadilisha vitesi, zile gia, bila fujo. Ukiiachia, yanashikana tena na gari linakwenda. Ni hivyo tu. Watu wengi wanaiogopa ambreyaje kuliko wanavyoogopa kugonga mti, na kazi yangu kila siku ni kuwaambia wasiogope: mguu unashuka haraka, unapanda taratibu, kama mtu anayetoka chumbani mwa mtoto aliyelala.

Kwa miaka mingi nimefundisha maneno hayo, na kuna sharti moja ambalo sikuwahi kulitaja, kwa sababu sikujua kwamba ni sharti. Unapoondoa mguu, pedale lazima irudi juu yenyewe.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalemie, ng'ambo ya ziwa kutoka Kigoma, kabla ya kuanza kufundisha watu gari. Mwanzoni nilitumia gari kuukuu la ndugu yangu, ambalo mlango wake mmoja ulifungwa kwa kamba. Baadaye nilipata jipya. Nisikilize vizuri hapo: jipya. Mjini kwetu mtu akisema gari jipya, ana maana kwamba ni jipya kwake. Hili langu lilikuwa zero, lililoagizwa kwa wauzaji wa Kigoma, likavuka ziwa kwa meli likiwa na nailoni kwenye viti na usukani upande wa kushoto kama sheria yetu inavyotaka. Majirani walikuja kulinusa. Nasema kulinusa, si kulitazama. Mama mmoja mzee aliingiza kichwa dirishani, akavuta pumzi, akasema, "Hii njo harufu ya Ulaya." Pasta alikuja kuliombea. Aliomba juu ya matairi, taa na kioo cha nyuma. Nakumbuka hakufika kwenye pedale.

Pamoja na gari walinipa kijitabu cha garanti. Miaka miwili, kiliandika, kitu chochote kikiharibika chenyewe watatengeneza wao. Lakini kulikuwa na mambo mawili chini yake, kwa herufi ndogo. Kwanza, fundi mwingine yeyote asifungue kitu. Pili, vitu vinavyolika kwa matumizi havimo.

Gari hilo ndilo lilikuwa shule yangu. Bila gari mimi ni mwanamke mwenye ubao na chaki.

Wakati huo nilikuwa na mwanafunzi mmoja ninayempenda mpaka leo, mama mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi, anayenunua ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Zongwe na kuwauza hapa mjini. Alichoka kukodi gari za watu ambao dereva wao alikuwa akisimama njiani kunywa, ndagala wakibaki kwenye jua. Alitaka permi, leseni ya kuendesha, yake mwenyewe. Alikuja darasani na kitambaa kipya kichwani kila mara, kana kwamba anakwenda kubarikiwa.

Siku ya kwanza ya balaa tulikuwa karibu na stesheni ya treni. Nilimwambia akanyage ambreyaje, atoke kwenye vitesi ya kwanza, aingie ya pili. Akakanyaga. Akaingiza. Nikasema, "Sasa achia, pole pole." Gari likaendelea kuteleza tu kama mtumbwi uliokosa kasia, motere ikinguruma bure.

"Achia, mama."

"Nimeachia."

"Hujaachia. Toa mguu kabisa."

"Mama mwalimu, muguu nimetoa! Muguu imerudi. Pedale njo haikurudi!"

Nikadhani ni uoga. Mtu mwenye uoga hajui mguu wake uko wapi. Nikasema kwa sauti yangu ya upole, ile ya darasa la kwanza, "Hebu nionyeshe mguu wako wa kushoto." Basi akainua goti mpaka karibu na usukani, sapatu ikining'inia kwenye dole gumba. "Huu hapa! Unataka na wa pili?"

Nikainama. Pedale ilikuwa imelala sakafuni, bapa, kama jani lililokanyagwa. Nikaivuta kwa mkono. Ikapanda. Nikamwambia akanyage tena, ikashuka na kupanda vizuri, kama haikufanya kitu. Nyuma yetu pikipiki za taksi zilikuwa zimejaa, na dereva mmoja akapita akipiga honi. "Mama, hapa si parkingi! Gari mupya, maneno ya zamani!"

Siku hiyo ilitokea mara tatu. Siku iliyofuata haikutokea kabisa. Siku ya tatu ilitokea mara moja tu, katikati ya daraja la Lukuga, mahali ambapo hata ukijua kuogelea hutaki kusimama.

Mtaani kwetu kuna fundi, papa mmoja mwenye mikono myeusi na maneno mengi, aliyekaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma kabla ya kurudi nyumbani. Nilimpelekea gari. Hakugusa. Alisimama mbele yake, mikono nyuma.

"Fungua kapo tu nichungulie," alisema.

Nikafungua kifuniko cha motere. Akachungulia. Kisha akaniambia niikanyage pedale haraka haraka mara tano sita. Ilikuwa imelala, na kwa kuikanyaga hivyo ikaanza kupanda kidogo kidogo.

"Umeona? Inapampu. Hii ni maneno ya mafuta, mama. Kuna kasilinda kadogo huku juu. Mafuta inapita mahali haipashwe kupita. Dakika makumi tatu, nakufungulia."

"Huwezi. Garanti."

"Sasa weye unataka nifanye nini?"

"Unieleze tu."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Gari ya garanti ni kama bibi-arusi wa muntu mwingine. Unamuangalia, unamusifu, unarudi kwako."

Alikuwa ameshajua ugonjwa siku ileile, na mimi nilimzuia kwa mikono yangu miwili. Nisingeweza kufanya vingine. Bulonyi zote, bolti za gari, zilikuwa na alama ya rangi nyekundu, na kijitabu kilisema rangi ikikwaruzwa garanti inakufa.

Kwa hiyo niliandika barua kwa wauzaji wa Kigoma. Walikuwa na fomu ya Kiswahili, nafasi tatu tu: jina la gari, tatizo, sahihi. Kwenye nafasi ya tatizo, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni, niliandika: "Ambreyaje imekwisha." Nikapiga picha, nikatuma kwa simu, nikakaa nikisubiri kwa moyo mweupe.

Jibu lilikuja baada ya siku nne. Nalikumbuka vizuri kwa sababu nililisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma barua yoyote. Walisema pole. Walisema klachi kuisha ni matumizi ya mteja. Walisema hali hiyo hutokea mapema kwa madereva wenye tabia ya kuweka mguu juu ya klachi muda wote, na kwamba dhamana haihusiki.

Sasa nikueleze kwa nini nilikasirika kiasi cha kusahau kula. Mguu kukaa juu ya ambreyaje ndiyo dhambi ya kwanza katika shule yangu. Ni kitu ninachokiandika ubaoni siku ya kwanza na kukipigia mstari mara mbili. Na hapo watu ambao hawajaniona walikuwa wananiambia kwamba shule yangu imeua gari kwa dhambi hiyohiyo. Jibu hilo likisimama, si kwamba gari litabaki limelala uani tu. Mji huu ni mdogo. Nani atakuja kujifunza ambreyaje kwa mwalimu aliyemaliza ambreyaje ya gari zero kwa miezi mitatu?

Nilikwenda kwa papa fundi kumlalamikia. Nikasema, "Wananinyima dhamana."

Akaacha spana. "Nani wamefunga?"

"Wamefunga nani?"

"Si unasema dhamana? Kule kambini, polisi wakikamata muntu, njo tunatafuta dhamana atoke. Wamemukamata mutoto wako?"

"Papa, dhamana ya gari!"

"Gari njo imefungwa?"

Nikageuka nikaenda zangu. Nyuma nilisikia anawaambia wateja wake kwamba gari la mama mwalimu liko jela Kigoma, na wote wakacheka. Wiki nzima nilikuwa nikisalimiwa barabarani, "Gari imetoka?"

Nilianza kupiga simu. Aliyepokea alikuwa dada mmoja wa biro, ofisi yao, mwenye adabu kubwa, na adabu ile ndiyo ilinichosha zaidi, kwa maana huwezi kumgombeza mtu anayekuita mama mzazi. Mara ya kwanza mtandao ulikatika. Mara ya pili aliniomba nimtumie video. Vema, nikasema, video haisemi uongo. Nikamweka yule mama wa ndagala kwenye usukani, nikapiga magoti mlangoni na simu mkononi.

"Kanyaga."

Akakanyaga. Pedale ikashuka, ikapanda. Tukarudia. Ikashuka, ikapanda. Tulifanya hivyo mpaka goti langu likafa ganzi, na pedale ile, iliyotuaibisha mbele ya mji mzima, ilikuwa ikipanda kwa nidhamu kama mwanafunzi aliyeona mkaguzi dirishani. Nilipozima simu tu na kusimama, mama wa ndagala akasema, "Imelala."

"Unasemaje?"

"Imelala. Sasa hivi. Njoo uone."

Nikawasha simu. Akaigusa kwa kidole cha mguu, ikaruka juu.

Nilituma video hiyo hivyohivyo, sijui kwa nini. Wakajibu kwamba wameiona na pedeli inafanya kazi vizuri, wakanishukuru kwa kuwasiliana nao.

Napenda kukuambia kwamba nilitulia. Sikutulia. Nilimpigia yule dada nikiwa nimesimama uani kwa jua, na sauti yangu ilikuwa imepanda kiasi kwamba jirani alizima redio ili asikie vizuri.

"Dada yangu, mara ngapi nitasema? Ambreyaje imekwisha!"

"Mama, na sisi tunakubali kwamba imekwisha. Ndiyo maana tunasema haimo kwenye dhamana."

"Mnakubali?"

"Umeandika mwenyewe, mama. Klachi imekwisha. Ikiisha ni ya mteja."

"Lakini si mimi niliyeimaliza! Inakataa kurudi!"

"Kurudi wapi, mama?"

"Kurudi juu!"

"Nini kinakataa kurudi juu?"

"Ambreyaje!"

"Mama, samahani. Klachi hairudi juu. Klachi ni sahani, iko ndani huko, haionekani. Inashikana na kuachana tu."

"Nakuambia ninaiona kwa macho yangu! Imelala pale chini, ninaivuta kwa mkono!"

"Unaivuta kwa mkono…" Nilisikia karatasi zikigeuzwa. "Mama mzazi. Unasema pedeli?"

"Pedale! Ndiyo! Pedale ya ambreyaje!"

"Kwa hiyo klachi haijaisha."

"Imekwisha! Haifanyi kazi!"

"Ikiwa imeisha, gari lingekuwa linanguruma bila kupanda mlima. Linapanda?"

"Linapanda kama mbuzi."

"Basi haijaisha, mama."

Nikakaa chini juu ya ndoo.

Nataka uelewe vizuri hapo, maana ndipo kosa lilipokuwa, na lilikuwa langu, mimi mwalimu. Kwetu hapa, ambreyaje ni jina la kila kitu upande wa kushoto: pedale, mafuta yake, sahani ya ndani, vyote. Na kitu chochote kilichotushinda tunasema kimekwisha. Redio ikinyamaza, imekwisha. Mtandao ukikatika, umekwisha. Mtoto akianguka mtihani, shangazi zake wanasema amekwisha, na kesho yake unamwona anacheza mpira. Ng'ambo ya ziwa hawasemi hivyo. Kwa mafundi wa Kigoma, klachi iliyokwisha ni sahani iliyolika mpaka ikawa nyembamba, na kitu kilicholika hakimo kwenye garanti. Maneno mawili. Niliandika maneno mawili, na kwa maneno hayo nikaungama mwenyewe kosa ambalo sikulifanya, nikatia na sahihi.

Nilikuwa nikiwasahihisha watoto insha kwa wino mwekundu miaka mingapi? Wacha tu.

Dada akanitumia fomu nyingine. Safari hii nilikaa mezani. Sikuandika ambreyaje, sikuandika klachi. Niliandika: "Nikikanyaga pedale ya kushoto inashuka mpaka sakafuni, na nikiondoa mguu inabaki pale. Nikiivuta kwa mkono inapanda. Nikiikanyaga haraka mara tano inapanda yenyewe. Hutokea zaidi mchana wakati wa jua kali, baada ya kuendesha muda mrefu. Si kila mara. Pedale ikiwa juu, gari linapanda mlima bila shida na motere hailii bure." Nilimsomea mama wa ndagala, ambaye hajui chochote cha mambo ya motere. Akasema, "Hapa hata mimi naona muguu." Nikatuma.

Jibu lilikuja siku iliyofuata: fundi atavuka na meli ya wiki ijayo.

Meli ya wiki ijayo ilikuja wiki iliyofuata wiki ijayo. Fundi aliposhuka bandarini, sanduku lake la vyombo likazuiliwa asubuhi nzima, kwa maana mtu wa ushuru alitaka kujua kama anakuja kufanya biashara. Nilikwenda mimi mwenyewe kueleza. Nilieleza garanti ni nini kwa watu watatu, kila mmoja katika biro yake, na kila mmoja aliuliza swali lilelile: "Kama gari ni mupya, fundi wa nini?" Niliwaachia swali lao, nikatoka na sanduku.

Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini hivi, mwembamba, ovaroli imepigwa pasi.

"Shikamoo, mama."

"Karibu, papa. Pole na safari, papa."

Akatabasamu. "Papa? Huku kwenu kila mwanaume papa? Kwetu papa ni samaki mwenye meno."

"Basi tutaona kama una meno," mama wa ndagala akajibu, na kuanzia hapo walikuwa marafiki.

Aliketi kwenye gari, uani, kivulini. Akakanyaga pedale mara arobaini. Nilihesabu. Mara arobaini ilirudi juu. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile niliijua: ndiyo ninayowapa wanafunzi wanaosema gari lilizima lenyewe.

"Mama, mimi siwezi kuandika kitu ambacho sijakiona. Meli inarudi kesho asubuhi."

Hapo ndipo niliona shule yangu yote imesimama juu ya kipande cha chuma chenye kiburi. Kama ataondoka bila kuona, faili litafungwa, na lile jibu la mguu wa dereva litabaki kuwa la mwisho. Sikulia. Nilisema, "Papa, hapa kivulini hutaona kitu. Twende darasani."

Tukangoja jua lipande. Saa sita kamili tulitoka: mama wa ndagala kwenye usukani, mimi kando yake, fundi nyuma na daftari lake gotini. Nilichagua njia inayopanda kutoka barabara kubwa kwenda kwenye nyumba za zamani za reli, mlima mfupi lakini mkali, ambapo ninafundisha kuondoka kwa freni ya mkono, ile breki ya kuvuta. Ukitaka kuichosha pedale ya kushoto, hakuna mahali bora mjini.

Tukapanda. Simama. Freni ya mkono. Kanyaga. Ondoka. Pedale ilirudi. Tukashuka, tukapanda tena. Ilirudi. Ndani ya gari kulikuwa na joto la tanuri, kwa maana ile nailoni ya viti bado nilikuwa sijaitoa, na migongo yetu ilikuwa imegandamana nayo. Fundi alifungua kifungo kimoja cha ovaroli. Mara ya tano akaanza kutazama saa.

"Mama mwalimu," mama wa ndagala akaninong'oneza, "kila asubuhi naomba Mungu isilale. Sasa niombe nini?"

"Omba ilale."

"Atanielewa?"

"Mweleze pole pole."

Akafumba macho hapohapo kwenye mteremko, mikono kwenye usukani. "Ee Bwana, ile neno niliomba asubuhi, uiache kwanza."

"Fumbua macho, mama! Uko barabarani!"

Akakanyaga. Akaingiza ya kwanza. Akaachia freni ya mkono, akainua mguu, na gari, badala ya kupanda, likaanza kurudi nyuma taratibu. Nilishika freni ya mkono na kuivuta kwa nguvu zangu zote.

"Imelala!" akapiga kelele. "Imelala! Papa, njoo uone, imelala kabisa!"

Tulishangilia, sisi wawili, kama timu yetu imefunga bao. Mpita njia mmoja aliyebeba mihogo alisimama akatutazama: wanawake wawili wakipiga makofi ndani ya gari lililokwama mlimani. "Hawa wamepata nini?" aliuliza.

Fundi alishuka, akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akafungua mlango wa dereva na kuingia chini ya usukani kwa kichwa, miguu ikibaki nje. Alikaa humo muda mrefu. Kisha mkono wake ukatoka, kidole kimoja kikiwa kimelowa.

"Silinda ya juu," alisema kutoka kule chini. "Mpira wake wa ndani ni mbovu. Ikipata moto mafuta yanapita pembeni, na yanaanza kutoka hata huku. Imetoka kiwandani hivi."

"Na sahani?"

"Klachi yenyewe nzima kabisa, mama. Mwalimu wa watu hawa anafundisha vizuri."

Sina haya kukuambia kwamba hapo ndipo machozi yalikuja, kidogo, na nilisingizia jasho.

Nilimuuliza, kwa moyo wa kushuka, ile silinda mpya itachukua miezi mingapi kufika. Akafungua sanduku lake, lile lililozuiliwa bandarini, akatoa kifurushi kidogo.

"Nimekuja nayo."

"Ulijuaje?"

"Kwa barua yako. Ile ya kwanza ilinifikia pia, sikuona cha kufanya nayo. Ile ya pili niliisoma mara moja nikaenda stoo. Uliandika inapanda ukiikanyaga haraka haraka. Kitu hicho kinafanywa na silinda tu."

Alasiri hiyo aliifunga palepale uani kwangu. Papa fundi wa mtaani alikuja kutazama, mikono nyuma, na kila bulonyi iliyofunguliwa aliguna. "Nilisema mafuta. Sikusema mafuta?" Alisema, kweli, na nilimwambia mbele ya wote kwamba alisema. Kisha fundi wa Kigoma akaandika ripoti yake: kasoro ya kiwanda, imetengenezwa chini ya dhamana. Kabla hajatia sahihi nilimwomba anisomee kwa sauti, neno kwa neno. Akasoma. Akatia sahihi, nami nikatia yangu, na shule ikawa na gari.

Mama wa ndagala alipata permi yake. Lakini hilo si la kukueleza leo. La leo ni hili, na unaweza kulifanya hata kama huna gari, hata kwa friji, kwa simu, kwa cherehani. Siku kitu chako cha garanti kitakapokukatalia, chukua karatasi na usiandike jina la ugonjwa wake. Andika ulifanya nini, nacho kikafanya nini, wakati gani, na mara ngapi. Msomee mtu ambaye hajakiona kitu hicho, na asipoelewa, andika upya kabla ya kutuma.